Mjane wa Kisian anayetaka kulala garini

Saa moja asubuhi, Kisian, nje kidogo ya Kisumu. Mafuta yanachemka kwenye karai na Beldina Ogola anatumbukiza mgongo wazi, mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kupelekwa kiwandani. Gari refu jeupe, lililochakaa, linasimama kando ya kibanda chake, injini ikinguruma.

"Mama Sydney, mzigo wako ndio huu," anasema Seif, fundi wa magari kutoka mtaa wa Kaloleni mjini. Ndani mna kitanda, kabati na sinki ndogo. Wazungu waliokuwa wakizunguka nalo walimwachia lilipowachosha.

"Mbona huzimi?" Beldina anauliza.

"Si unasikia vile inaimba?"

"Nasikia. Zima."

Seif anazima, shingo upande. Beldina anaendelea kukaanga. Anataka lipoe kwanza, aone kama litawaka tena.

Beldina, mwenye umri wa miaka 58, hajui kuendesha gari wala hana safari. Anatafuta mahali pa kulala. Mvua za Aprili ziliangusha ukuta wa nyumba yake, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabarani. Tangu hapo analala katika jiko la nje, miguu ikigusa mafiga.

Pesa za mabati anazo. Ruhusa ndiyo hana. Mumewe alipofariki miaka tisa iliyopita, Beldina alikataa kurithiwa na mwanamume mwingine wa ukoo. Kwa mila ya Waluo wa kwao, mjane wa namna hiyo hajengewi wala hatengenezewi nyumba, kwa kuwa hana mume wa kumsimamishia nguzo ya kwanza. Anayekiuka huleta chira, laana inayosemekana kuwaangukia watoto.

"Sydney wangu anafanya vibarua Nairobi," anasema. "Kila nikimpigia simu ananiambia, 'Mama, tafadhali, usiniletee chira.' Sasa nifanye nini? Nikienda kupanga chumba mjini, Nyalenda, mwezi hauishi, utakuta watu wa ukoo wamepanda mahindi mlangoni kwangu, kiwanja kimekwenda."

Ndipo wazo la gari likamjia. Gari halijengwi. Halina nguzo.

Alipomweleza shemeji yake, Mzee Obiero, mzee alicheka hadi akakohoa. "Shemeji, mtu wa hapa hulala garini mara moja tu, akitoka mochari."

Lakini alikwenda akawaza, na kesho yake akaja na jibu. Likitembea, ni gari, na alilete. Likikaa mahali pamoja mpaka nyasi ziote kwenye magurudumu, hiyo ni nyumba, na nyumba ina mwiko wake.

"Watu wengine huuliza gari linakunywa dizeli kiasi gani," Beldina anasema. "Mimi nauliza tu kama litaamka."

Seif anataka shilingi 150,000. Beldina ana 163,000, akiba ya chama ya miaka tisa, na siku njema humwachia shilingi 500. Injini ikifa, hatakuwa na ya kuifufua.

Saa nane mchana karai ni tupu. Anafuta mikono kwenye leso.

"Haya, Baba," anamwambia Seif. "Washa."

Injini inakohoa, inanyamaza. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu moshi mweusi unafunika kibanda.

"Mama Sydney, hiyo inataka uji!" mteja mmoja anapiga kelele. Wanaume wanne wanaacha sahani zao na kusukuma. Mwishowe inashika.

"Ni baridi tu," anasema Seif, jasho likimtiririka. "Dizeli ya zamani iko hivyo."

"Saa nane, Kisumu, baridi imetoka wapi?" Beldina anauliza.

Watu wanaangua kicheko. Seif peke yake hacheki. Anashusha bei hadi 130,000. Beldina anachungulia kitanda kupitia dirisha. Godoro lake ni kavu.

"Nitalichukua Jumamosi," anasema.

Mpango wake ni huu: likikataa kuwaka, kila Jumapili baada ya kanisa atawapikia samaki vijana wa jirani, nao walisukume hadi langoni na kulirudisha, Mzee Obiero ajionee magurudumu yakizunguka. Nani atawalisha vijana hao akiugua, hajui.

"Hiyo injini imezeeka kama mimi," anasema. "Naomba Mungu kitu kimoja tu. Nitangulie mimi."