Ubani wa Nyumba ya Miteja

Siku ya kwanza nilipofika kijijini Miteja, mkobani nilikuwa na kinasa sauti, fomu za ridhaa na dodoso lenye maswali mengi. Nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, nikarudi chuoni kusomea shahada ya pili. Utafiti wangu ulihusu wagonjwa waliorudishwa nyumbani kwa sababu hospitali haina tena la kuwafanyia ila kuwatuliza maumivu. Nilitaka kujua jamaa zao wanawauguzaje hadi mwisho.

Mzee wa nyumba niliyoelekezwa alikuwa na saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni. Alikuwa mkulima wa ufuta na korosho, mtu mrefu ambaye sasa alilala kwenye kitanda cha kamba miguu ikipita ukingoni. Hakuna kilichopita kooni mwake isipokuwa uji mwepesi na mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu. Mkewe, mama wa miaka sitini na kitu, ndiye aliyemwogesha, akamgeuza, akamnywesha kwa kijiko. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa Milola na alikuja alipopata nafasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Mgonjwa wako leo yuko macho."

Nyumba ile ilinuka ubani. Asubuhi ubani, mchana ubani, chetezo hakikupoa. Niliandika katika daftari langu kwamba familia inaficha harufu ya ugonjwa. Nilimaanisha ugonjwa wa mzee, maana saratani ya umio huharibu pumzi. Nikajiona nimegundua jambo.

Nilikwenda kila baada ya wiki mbili. Mzee alinijibu mwenyewe alipokuwa na nguvu, na mkewe alimjibia alipochoka. Nilimfundisha kuniambia maumivu kwa vidole: ngumi maana yake hakuna, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Kwa kawaida alinyanyua viwili.

Safari ya nne mkewe alitoka kwenda kuchota maji. Mzee akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa na nguvu nisiyoitarajia.

"Kila ukija unaniuliza mimi," alisema kwa ile sauti yake iliyokwisha. "Mimi nimeshamaliza. Muulize huyu mwenzangu."

"Nimuulize nini, baba?"

"Ana vitambaa anafua. Haaniki nje. Anaanika uvunguni mwangu, anadhani sioni."

Niliinama nikatazama chini ya kitanda. Palikuwa na kamba imefungwa kutoka mguu mmoja hadi mwingine, nayo haikuwa na kitu.

Mama aliporudi nilimfuata hadi mlango wa jikoni, mkoba begani, nikamuuliza kama ni kweli. Alicheka kidogo huku anatua ndoo. "Dawa yenu inamtia maruweruwe. Si ulinionya mwenyewe?"

Kweli nilimwonya. Mofini huweza kumchanganya mgonjwa, na nilikuwa nimemwambia asishtuke. Nikalikubali jibu lake upesi, kwa sababu nilikuwa na nyumba nyingine mbili za kufika siku hiyo na bodaboda alikuwa ananisubiri. Hata hivyo njia nzima nilikuwa naiona ile kamba.

Mzee alifariki kabla sijarudi. Binti yao alinipigia simu. Nilikwenda kuhani siku ya tatu, nikaelekezwa chumba cha ndani alikokaa mama kwenye mkeka, amevaa nguo nyeupe, ameanza eda. Mwanamke aliye edani hajitii manukato wala hajifukizi. Chetezo kilikuwa kimetolewa nje.

Nilipoketi karibu naye harufu ikanifikia. Mzee alikuwa ameshazikwa, godoro lake limeshachomwa, na harufu ilikuwa bado imo mle chumbani. Nilifanya kazi wodi ya wanawake muda mrefu. Harufu ile mtu hahitaji kuambiwa ni ya nini.

"Mama, tangu lini?"

Alisubiri mpaka wanawake wengine walipotoka kupakua chakula.

"Tangu kabla ya kuvuna ufuta wa mwaka jana. Damu ilikuwa imekoma miaka mingi, ikarudi. Nikasema labda ni uchovu. Halafu ikaja na maji, na harufu."

"Mbona nilikuuliza ukakataa?"

"Uliniuliza umesimama mlangoni, mwanangu, na mkoba uko begani."

Nilimwambia kesho yake twende hospitali. Akatikisa kichwa, na kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa ukumbini akitusikia, akasema udongo wa kaburi haujakauka, mjane hawezi kutoka. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekumbusha jambo linalojulikana na wote.

Nikatoka kwenda kwa imamu wa msikiti wao. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Nani amesema mgonjwa azuiwe kutibiwa kwa ajili ya eda? Mwambie shemeji yake ruhusa ipo, na nimesema mimi." Nilifikisha ujumbe. Yule kaka akaenda mwenyewe kutafuta gari.

Tulikwenda hadi Lindi. Daktari alimpima kwa muda mfupi, kisha akanawa mikono kwa muda mrefu. Saratani ilikuwa imetoka kwenye shingo ya kizazi, imeingia kwenye kibofu. Alimweleza taratibu, kwa maneno mepesi, na mama akaitikia kila sentensi kwa "naam". Tuliporudi kwenye benchi la nje binti yake alikuwa analia. Yeye hakulia.

"Nilijua," aliniambia. "Lakini kama ningelala na mimi, nani angemgeuza yule? Nikasema nimtangulize kwanza mwenzangu."

Alipewa mofini ya maji ileile. Binti akaomba ruhusa kwa mumewe, akahamia Miteja kumuuguza mama yake.

Miezi hiyohiyo nilikuwa nyumbani nikiandika yaliyomo kwenye rekodi, neno kwa neno, kama utafiti unavyotaka. Nilifika rekodi ya safari ya pili. Mzee anaeleza usingizi wake. Nyuma ya sauti yake unasikia mkeka, mtu anainuka, halafu mguno mfupi uliokatwa katikati, kama wa mtu aliyeziba mdomo kwa kanga. Kisha sauti yangu, ya adabu kabisa: "Samahani mama, usipite hapo, kinasa sauti kinachukua kelele."

Nilizima. Sikuweza kuendelea siku ile wala kesho yake.

Mama alifariki mikorosho ilipoanza kutoa maua. Nilikuwa nimemtembelea mara mbili kabla ya hapo, bila dodoso. Alipenda nimkande miguu na nimweleze habari za nyumba nyingine nilizozuru, na mara zote aliuliza hao wanaouguza wanakula saa ngapi. Binti yake alikuwa amekonda, na nilimtaka akapimwe. Alisema atakwenda. Sijui kama alikwenda.

Niliongeza swali moja kwenye dodoso, la kumuuliza anayeuguza peke yake, nimeketi: Na wewe, wapi panakuuma? Msimamizi wangu aliniuliza linaingia wapi katika malengo ya utafiti. Nikamwambia haliingii popote, ila naomba libaki. Likabaki.

Nililiuliza mara ya kwanza katika kijiji cha Kinjumbi, kwa mwanamke aliyekuwa akimuuguza mama yake mzazi. Alikuwa ananijibu haraka haraka mpaka hapo. Alinitazama, akamtazama mama yake aliyelala, kisha akainuka akaenda kufunga mlango.