Jicho la Gayogayo

Mwanamwema Mcha wa Bwejuu alikuwa mtu ambaye kitu asichokielewa hakimpiti hivihivi. Skuli aliiachia darasa la nne, mama yake alipougua na nyumba ikahitaji mikono, lakini hamu ya kujua hakuiacha huko pamoja na madaftari. Wenziwe katika kilimo cha mwani walimtania kuwa angefaa kuwa hakimu, maana hata pweza humhoji kwanza kabla ya kumtoa pangoni. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tatu, mjane, na mtoto wake mmoja, Nadra, alikuwa akisomesha sayansi kwenye skuli moja huko Mpendae, mjini.

Asubuhi moja ya bamvua, siku za maji kujaa na kutoka sana, bahari ilipokauka mpaka karibu na mwamba, Mwanamwema alikuwa akisuuza mwani katika beseni akaona kitu kinapepea majini. Alidhani ni kipande cha mfuko wa nailoni. Alipokichota kwa kiganja, kumbe samaki. Hakuzidi ukucha wa kidole gumba, mwembamba kama karatasi, na mwili wake ulikuwa mwangavu hata pingili za uti wa mgongo zikahesabika. Macho yake yalikuwa mawili meusi, moja kila upande.

Hakumjua. Na kwa mtu aliyekulia pwani ile, kutomjua samaki si jambo dogo. Akamtia kwenye ndoo pamoja na maji ya bahari, akaenda naye nyumbani.

"Umeanza kufuga dagaa, dada?" akauliza Shaame, mdogo wake, ambaye kazi yake ni kutega madema, mitego ya samaki.

"Huyu simjui. Naye simwachi mpaka nimjue."

Kila maji yalipotoka alimbadilishia nusu ya maji ya ndoo, akimletea ya dimbwini yenye vidudu vidogovidogo, kwa kuwa alimwona akividonoa. Siku ya tatu jicho la kulia lilikuwa limepanda juu kuliko la kushoto. Mwanamwema akayafikicha macho yake mwenyewe, akatazama tena. Siku ya tano, alipomtazama kwa ubavu wa kushoto, aliona kitone cheusi kikichungulia juu ya kichwa, kama jirani anayechungulia juu ya ua wa makuti. Siku ya saba samaki akaanza kuogelea kimshazari. Mwanamke mmoja aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi akasema samaki huyo anaumwa, heri amwagwe. Mwanamwema hakumsikiliza. Siku ya tisa macho yote mawili yalikuwa upande wa kushoto, na samaki amelalia ubavu wa kulia chini ya ndoo, madoa ya hudhurungi yakianza kumtoka.

"Gayogayo!" Mwanamwema akapiga ukelele, peke yake uani.

Gayogayo, samaki bapa wa mchangani, ambaye alikuwa akimpaa na kumkaanga umri wake wote akidhani huzaliwa vile vile alivyo.

Alimpigia simu Nadra, na Jumamosi Nadra akaja. Alimwamkia mama yake shikamoo, kisha akainama juu ya ndoo.

"Mama, huyu ni gayogayo mdogo tu."

"Ndiyo. Lakini alipoingia humu hakuwa gayogayo. Alikuwa na jicho huku na jicho huku. Nimeliona likihama."

Nadra akatabasamu kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma mama yake. "Jicho limeshikwa na mishipa, Mama, limo ndani ya fuvu. Haliwezi kutembea. Pengine walikuwamo samaki wawili, mmoja akafa usimwone."

Mwanamwema akaenda kuinjika chai. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni hadi mwambani na kumwambia, tazama, usiseme kitu mpaka umekitazama vizuri. Baada ya chai akamwambia, "Ile simu yako ya zamani yenye kamera, niachie."

"Ya nini?"

"Nikupelekee ushahidi."

Bamvua mbili zikapita, beseni halikutoa kitu. Ya tatu akapata wawili. Mmoja alikufa kesho yake. Wa pili akamweka kwenye chupa nyeupe ya jemu, na kila alasiri akampiga picha tatu: kushoto, kulia, na kwa juu. Alizituma kwa Nadra, naye alikuwa akijibu neno moja tu: "Nimeona." Siku ya sita simu ikalia.

"Mama, unisamehe. Nimekwenda kusoma. Ni kweli jicho linahama. Wataalamu wanalijua jambo hili miaka mingi. Mimi ndiye niliyekuwa silijui."

"Mimi pia nilikuwa silijui," akasema Mwanamwema. "Njoo unambie mengine."

Nadra akaja na bahasha ya karatasi alizozichapisha, wakakaa uani juu ya jamvi.

"Kwanza nambie ukoo wake," akasema Mwanamwema. "Jamaa zake nani? Mie naona taa. Wote bapa."

"La, Mama. Taa ni wa ukoo wa papa, mifupa yao ni laini ya gegedu. Halafu taa amelala kifudifudi, tumbo chini. Gayogayo amelalia ubavu."

Mwanamwema akafumba macho, mikono yake ikitembea hewani kama inayowapaa samaki wawili kwa pamoja. "Kweli! Mdomo wa taa uko chini, wa gayogayo uko ubavuni. Nimewashika miaka yote hii nisiwaze."

"Wamepima vinasaba, yaani ule urithi uliomo katika kila chembe ya mwili. Walio karibu naye ni kolekole, nduwaro na mzia."

Mwanamwema akacheka mpaka akashika mbavu. "Nduwaro! Yule anayechana bahari, na huyu mlalaji!"

"Asili yao moja, mamilioni ya miaka nyuma. Huko Italia wamechimba samaki wa ukoo huu waliogeuka jiwe, wakubwa waliokomaa kabisa, na jicho moja liko nusu ya njia."

Shaame, aliyekuwa akisikiliza huku akifuma dema lake, akainuka akaenda jikoni. Alirudi na gayogayo mnene aliyemvua asubuhi, wa aina ile yenye mdomo mpana na meno makali. "Na huyu mtamweka wapi?"

Wote watatu wakamwinamia. Jicho lake la juu lilikuwa limekaa ukingoni kabisa mwa kichwa, kama lililofika kizingitini likasita kuingia.

"Huyu mara nyingine huogelea wima," akasema Shaame. "Tena wamo wenye macho kushoto na wenye macho kulia. Hawana mpango."

Nadra akafunua karatasi zake. Ilikuwa imeandikwa kwamba mwenye meno alijitenga mapema na gayogayo wengine wote. Wapo wataalamu waliosema hata si wa ukoo wao, kwamba alianza kujilaza kwa njia yake mwenyewe; wengine walikataa.

"Basi swali langu ni hili," akasema Mwanamwema. "Huyu ni mkubwa wa ukoo aliyebaki na umbo la kale, au ni mgeni aliyekuja kulala kama wenyeji?"

Nadra akaliandika swali hilo nyuma ya bahasha. Alimwandikia mtaalamu mmoja wa samaki, akaambatisha na picha. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: wengi sasa wanaegemea kuwa ukoo ni mmoja, lakini mjadala haujafungwa, na huyo aliyepiga picha, tafadhali, aendelee.

Mwanamwema alisomewa barua hiyo mara mbili. Kilichomfurahisha zaidi ni pale mtaalamu alipokiri kuwa bado hawajui.

Mwezi uliofuata Nadra alimwalika darasani kwake. Wanafunzi wakapokezana simu, wakizitazama picha moja baada ya moja. Msichana wa mbele akanyoosha mkono.

"Bi Mwanamwema, samaki anaumia jicho likihama?"

Mwanamwema akafikiri. "Sijui, mwanangu. Nilimtazama siku tisa, kula hakuacha. Zaidi ya hapo sina la kusema, nisije nikakudanganya."

Mpaka leo ameshawalea kumi na mmoja. Wote macho yao yameishia kushoto. Mtoto wa yule mwenye meno hajampata bado, na kila bamvua, kabla hajagusa mwani, hulitazama beseni kwanza.