Mwenye Wiki Amekubali

Mtaani walimwita Mama Subira, maana neno hilo halikumtoka mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuunganisha wageni na wenye wiki. Kule ziwani kuna jengo la mapumziko ambalo vyumba vyake vimeuzwa kwa wiki: huyu ana wiki yake kila mwaka, yule ana yake, na asiyekwenda hukodisha. Mgeni hutuma ombi, Mama Subira hulipeleka kwa mwenye wiki, halafu ndiyo hapo sasa, subiri. Kuomba si kupata, aliwaambia. Mwenye wiki akubali kwanza, kisha yeye mwenyewe awaambie mapokezi waandike jina lako. Akinyamaza, ombi linakufa lenyewe. Na watu walivyo na haraka, utadhani chumba kina miguu.

Marehemu mumewe naye alikuwa na wiki pale, na kwa sababu ya wiki hiyohiyo waligombana. Mama Subira akasusa kwenda, mume akaenda peke yake, akafia kulekule usingizini kabla hawajapatana. Tangu hapo mjane huyu alikuwa na jambo lake, na nani wa kumlaumu? Kila mwaka wiki ile ikikaribia, alituma ombi kwa namba ya simu ya marehemu kama mgeni yeyote. Hakuna anayejibu, ombi linakufa, analia kidogo, maisha yanaendelea.

Mwaka huu likajibiwa, asubuhi, chai ikiwa mezani. Neno moja tu: nimekubali.

Binti yake, aliyekuwa akipaka mkate siagi, alisema namba ile bila shaka imeshapewa mtu mwingine, mtu mwenye utani mbaya. Mama akajibu kwamba mtu mwingine hana wiki. Basi wapige mapokezi waulize, binti akasema. Kama jina halijaandikwa, yaishe. Wakapiga, simu ikiwa mezani kati yao, sauti wazi wote wasikie.

Mpokezi alikuwa mgeni kazini, sauti ya upole. Jina lako limeshaandikwa, alisema. Mwenye wiki amefika mwenyewe.

"Ila anauliza, mama, kama bado una hasira naye."

Binti akanyoosha mkono akate simu. Mama akaushika. Aliogopa, na humohumo ndani ya woga alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ambayo hakuwa ameionja tangu mazishi.

"Mwambie sina."

"Mwambie mwenyewe. Yuko hapa kaunta."

Kule kaunta simu ikabadilisha mikono. Ikasikika pumzi, ile ya kukwama kidogo puani, ambayo Mama Subira alilala kando yake tangu ujana. Hata binti aliitambua. Kisu cha siagi kikamponyoka.

"Sina hasira tena, mume wangu," mama akasema. "Nakuja."

Binti akamng'ang'ania mkono, akimwomba asiende. Mama akajinasua taratibu, akainuka kutafuta viatu.

"Usilie, mwanangu," akamwambia. "Ni wiki tu."