Pasi ya Mvuke na Vitambaa vya Altare

Madukani Isiolo, pasi ya mvuke huuzwa bila mvuke. Muuzaji huitoa kwenye boksi, huichomeka kwenye soketi iliyo juu ya kaunta, na taa ndogo nyekundu ikishawaka anakutazama kama mtu aliyemaliza kazi kubwa. Kisha anasogeza kiganja karibu na bamba la chini, uone naye kwamba kuna moto. Jaribio limekwisha. Pasi inarudi kwenye boksi, boksi linafungwa kwa selotepu, nawe unangojewa uondoke. Mvuke wenyewe, uliokutoa nyumbani, hakuna anayeuona, kwa sababu pasi iliyotiwa maji haiwezi tena kuuzwa kama mpya. Nilizunguka maduka matatu na sikukutana na mtu aliyeona ajabu ya jambo hili.

Sikuwa nikitafuta pasi kwa ajili ya mashati yangu. Ilikuwa ya mama. Kwa miaka kumi na minane mama amefua na kupiga pasi vitambaa vya altare vya kanisa letu: kile kirefu kinachofunika meza yote, na vile vidogo vya kufutia kikombe. Huvifanyia kazi nyumbani, juu ya meza yetu ya chakula, kwa pasi ya makaa iliyokuja naye kutoka Meru alipoolewa. Jumapili akikaa benchi la tatu hatazami padri kwanza. Anatazama pindo la kitambaa.

Tangu Krismasi mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba. Mwezi wa pili pasi ilikaa mahali pamoja kidogo kupita kiasi, ikaacha alama yenye rangi ya chai. Hapo ndipo mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alipoanza kututembelea. Ni mwanamke ambaye hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kunusa sabuni iliyotumika. Aliketi, akanywa chai yetu, akamwita mama shosho, yaani bibi, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kumwambia kwamba amefanya kazi ya kutosha, sasa apumzike. Mama akishapumzika, ilieleweka, vitambaa vingehamia kwenye duka la kufulia karibu na stendi, ambalo kwa bahati njema lilikuwa la mke wa mtoto wa mwenyekiti.

Mama hakubishana naye. Alisema atapiga pasi vitambaa vya Jumapili ya Matawi, na mwenyekiti aje Jumamosi avikague. Vikiwa sawa, kazi inabaki kwake. Visipokuwa sawa, avichukue. Mwenyekiti alikubali haraka, kama mtu anayekubali kitu ambacho tayari kiko mkobani mwake.

Nikaamua kumwokoa mama kwa pasi ya mvuke. Nilifanya kama ninavyofanya kazi zangu zote: nikafungua daftari na kuandika maswali. Tangi linabeba maji kiasi gani? Waya una urefu gani? Matundu ya mvuke ni mangapi, na yako wapi? Inavuja ikilazwa? Nilisoma pia maoni ya wanunuzi kwenye simu, watu wa Nairobi waliosifu rangi ya pasi na jinsi ilivyofungwa vizuri ilipofika. Mmoja aliipa nyota zote tano kisha akasema hajaitumia bado.

Duka la kwanza lilikuwa la mfanyabiashara aliyehamia kutoka Nyeri, mtu mwenye jibu kabla ya swali. Nilipomuuliza kuhusu matundu aliniambia pasi hiyo ni orijino. Nilipouliza kuhusu tangi aliniambia wateja wake ni watu wa ofisi za kaunti. Niliomba atie maji kidogo tuone. Akanicheka kwa upole, kama anayemwonea huruma mgeni, na kusema maji nitatia kwangu.

La pili lilikuwa supamaketi, ambako kijana mwenye fulana ya kazi alinisomea maandishi ya kwenye boksi kwa sauti, polepole, huku nami nikiyasoma kwa macho. Tulipofika mwisho aliniuliza kama nina swali lingine. Nilimshukuru. Alikuwa ndiye mkweli kuliko wote, maana hakujifanya anajua.

Duka la tatu lilikuwa la mama mmoja Msomali, chumba chembamba chenye ndoo, taa za sola na blanketi za wafugaji. Nilimsalimu salaam aleikum, akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye mfuko wa betri aliokuwa akipanga. Nilimwambia natafuta pasi ya mvuke. Akasema hana, na hataleta.

"Maji ya hapa itamaliza hiyo kitu, walaal," alisema, akiniita ndugu kwa Kisomali. "Mwalimu mmoja wa Biliqo aliniletea yake nimwangalizie. Ndani ilikuwa imejaa chumvi kama ile ng'ombe analamba. Nunua ya kavu."

Niliyaandika maneno yake kwenye daftari, na pembeni nikaandika: hana bidhaa, kwa hiyo anaponda. Nilijiona mwerevu sana. Nikarudi kwa yule wa Nyeri, nikanunua pasi nzito ya buluu yenye matundu mengi kuliko zote, nikaipeleka nyumbani nikiwa nimeibeba mbele yangu kama keki.

Kuhusu maji nilikuwa na jibu. Mtaani kwetu maji ya kisima ni ya chumvi, kila mtu anajua, hata chai inakwambia. Lakini tangu utotoni tumefundishwa kwamba maji mabaya huponywa kwa kuchemshwa. Zahanati imesema, shule imesema, mama amesema. Basi nilichemsha maji kwenye birika, nikayaacha yapoe, nikayachuja kwa kitambaa safi, nikajaza tangi kwa uangalifu wa mfamasia. Birika lenyewe lilikuwa na ukoko mweupe ndani, mnene kama ukuta uliopakwa chokaa. Nimeliona birika hilo kila asubuhi ya maisha yangu. Sikujiuliza hata mara moja ukoko ule ulitoka wapi, wala kwamba moto huua wadudu na kuiacha chumvi palepale ilipo.

Mama aliishika pasi mara moja, akaipima mkononi, akairudisha mezani. Nilimuuliza ameionaje. Akasema ni kubwa. Nikalichukua hilo kuwa sifa.

Siku tatu ilifanya kazi. Nilipiga pasi mwenyewe kwanza, mashati na mapazia, mvuke ukitoka kwa kishindo, nami nikieleza kila hatua kama mtangazaji. Siku ya Ijumaa asubuhi mama alitandika kile kitambaa kirefu, akaanza. Kila mara mvuke ulipohitajika, kitufe kilitakiwa kubonyezwa kwa kidole gumba, naye alikuwa akibonyeza kwa kidole cha mkono mwingine, akisimamisha kazi kila hatua. Niliona, nikadhani hajazoea. Alipofika katikati pasi ikakohoa, ikatema maji ya rangi ya kutu yenye chembe nyeupe. Doa likatawanyika kwenye kitambaa, pana kama sahani.

Mama aliinua pasi, akachomoa waya, akakikunja kitambaa na kukipeleka kwenye karai. Mimi nikachukua boksi na kwenda mjini.

Mfanyabiashara wa Nyeri alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Uliweka maji?"

"Ni pasi ya maji."

"Basi hiyo ni yako, mzee. Mimi nilikuuzia kavu."

Wateja wawili waliokuwa pale walitikisa vichwa wakikubaliana naye. Kwa sheria ya duka lile alikuwa sahihi kabisa, na nikaona hakuna faida ya kubishana na mtu ambaye dini yake ni taa nyekundu.

Nilivuka barabara hadi kwa yule mama Msomali. Mlango ulikuwa umefungwa kwa swala ya Ijumaa, nikangoja kwenye baraza na boksi langu magotini, wapita njia wakiniuliza kama nauza. Aliporudi aliliona boksi, akaelewa yote, wala hakusema kwamba alikuwa ameniambia. Aliuliza swali ambalo halikuwemo kwenye daftari langu.

"Huyo mama yako anaumwa wapi?"

"Mkono wa kulia."

"Wapi ya mkono?"

Sikujua. Ilibidi nipige simu nyumbani, nisimame pale mbele yake nikimuuliza mama yangu mzazi, ninayeishi naye nyumba moja, ni wapi hasa panapomuuma. Mama akasema ni kidole gumba na kifundo, tangu Krismasi, na kwamba siku hizi hushika vitu vingi kwa kushoto. Nilirudia maneno hayo kwa sauti. Mama Msomali alitikisa kichwa.

"Na ukamnunulia pasi ya kubonyeza na kidole gumba," alisema. "Umesoma, walaal?"

Alinitolea pasi ndogo ya umeme, nyepesi, bila tangi wala kitufe, mpini wake wazi pande zote mbili, mkono wowote unaingia. Haikuwa na boksi. Alinishikisha kwanza kulia, kisha kushoto, halafu akaichomeka kwenye soketi, akakunja pembe ya leso yake iliyoloa maji ya udhu na kuipitishia pasi mbele yangu. Leso ikanyooka. Moshi mwembamba wa maji ukapanda. Huo ndio mvuke wa kwanza niliouona nikiwa dukani.

Jumamosi asubuhi stima ilikuwepo, jambo ambalo halihitaji sifa lakini nalitaja. Mama alikuwa amekifua kitambaa mara tatu kwa ndimu na jua. Hakungoja kikauke. Alikianua kikiwa bado na ubichi, akashika pasi kwa mkono wa kushoto na kwenda taratibu kutoka pindo hadi pindo. Nilimuuliza ni lini alijifunza kutumia kushoto. Akasema tangu kulia kulipokataa, na kwamba hakuna aliyemuuliza. Nilifunga daftari.

Mwenyekiti alikuja saa tisa na nusu. Hakunywa chai. Alichukua vile vidogo kimoja kimoja, akavigeuza, akaviweka. Kisha akakifungua kile kirefu na kukiinua dirishani.

"Hapa palikuwa na nini, shosho?"

"Pasi ya baba ilitema," mama alisema, akinielekeza kwa kidevu. Mimi nimepewa jina la baba yake, kwa hiyo ndivyo anavyoniita. "Doa limetoka. Kimebaki kivuli."

Mwenyekiti alikitazama kivuli muda mrefu kuliko kilivyostahili. Kisha akaketi na kulegeza sauti. Alisema tufanye hivi: vile vidogo mama abaki navyo, ni vyepesi, na kile kirefu kiende kwenye mashine.

"Kirefu ndicho kazi," mama alisema. "Vidogo ni leso tu. Peleka vyote, ama uache vyote."

Nilitaka kuingilia. Nilikuwa na maneno mengi, mazuri, kuhusu duka la kufulia na nani mwenye duka. Mama alinitazama mara moja, nikayameza.

Mwenyekiti alipitisha kidole kwenye pindo. Lilikuwa limesimama wima, nyoofu, kama karatasi mpya. Alipitisha tena. Nadhani alikuwa akifikiria mapindo ya ile mashine, maana sote tuliyaona Krismasi kwenye majoho ya kwaya yaliyofuliwa stendi, yalipopindapinda mbele ya askofu.

"Hili pindo umelipigaje?" aliuliza hatimaye.

"Likiwa bichi."

"Huyo mke wa mwanangu hukausha kwanza."

"Basi aje nimwonyeshe," mama alisema. "Aje hapa. Mimi siendi stendi."

Mwenyekiti alikunja vitambaa, akavipanga kwenye kikapu cha kwenda kanisani, wala si stendi, na kukiinua mwenyewe, akakikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Alikuwa amefika mlangoni mama alipomwambia asikibane hivyo, atavunja pindo, akibebe kwa mpini. Akasimama, akakishusha, akakibeba kwa mpini.