Karata iliyoandikwa jina la Chacha: nilivyojifunza kuchagua karata za kuondoa

Wakuu, habari za leo. Walionizidi umri, shikamooni.

Mimi humu huwa nasoma tu. Juzi mwenzetu aliuliza aweke karata ngapi za kuondoa kwenye deck yake, na za aina gani. Mkamjibu kwa hesabu nyingi. Shule yangu mimi ni darasa la saba, hesabu hizo sina. Nina kisa kimoja, na nitakisimulia kilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Ilikuwa miaka ile dhahabu imevuta watu Tarime kutoka kila upande. Nilikuwa nachambua mawe kwenye karasha moja huku Kemambo. Karasha ni mashine ya kusaga mawe. Kazi yangu ilikuwa kutenga jiwe lenye dalili na jiwe la kutupa kabla hayajaingia humo. Ukikosea, mashine inasaga bure siku nzima na wote wanakutazama wewe.

Mdogo wangu Marwa alikuwa anashuka duarani, yaani shimoni. Wakishapiga baruti wanasubiri moshi utoke, na katika kusubiri huko ndiko alikowafundisha wenzake mchezo huu.

Siyo karata za kopa na jembe. Ni hizi zenye picha na maandishi ya Kiingereza. Kila mtu anajipangia deck ya karata sitini, mnaanza na pointi ishirini, unaleta viumbe wako wampige mwenzako mpaka pointi zimwishie.

Pale duarani viumbe wote waliitwa ng'ombe. Joka ni ng'ombe. Jitu ni ng'ombe. Mwita, aliyekuwa anaendesha karasha, aliwahi kumweka malaika mezani akasema, "Namleta ng'ombe wangu mwenye mabawa." Hakuna aliyeshangaa. Na upande wako wa meza ni zizi lako.

Marwa aliugua homa, hakumaliza wiki mbili, akatutoka. Sitaandika zaidi hapo.

Aliacha kisanduku cha mbao chenye karata zake.

Siku ya kuondoa matanga, ilikuwa Alhamisi, alikuja binamu yetu Chacha kutoka ng'ambo, upande wa Kenya. Ndiye aliyemletea Marwa karata za kwanza. Tulipomaliza kula, akasema mbele ya wazee:

"Dada Robi, zile kadi za marehemu nitarudi nazo. Hapa zitaliwa na panya bure. Nani atazicheza?"

"Nitazicheza mimi."

Wakuu, sijui neno hilo lilitokea wapi. Nilikuwa nimecheza mara sita maishani, na zote nilipigwa.

Chacha akacheka. "Wewe? Aii, dada. Wewe unajua mawe."

Baba mdogo akaniuliza kama ni kweli karata zilitoka kwa Chacha. Nikasema ndiyo, kama nusu hivi. Ningeweza kusema sijui, lakini nilijua.

Basi baba mdogo akasema, "Ng'ombe akae na anayejua kumchunga. Jumapili mtacheza. Robi akishinda, sanduku linabaki. Akishindwa, Chacha aondoke nalo lote."

Nililala na kisanduku kile kando ya mto. Kilikuwa bado kinanuka moshi wa baruti, harufu yake Marwa.

Ijumaa nikaanza kuikagua deck yake. Ng'ombe thelathini na moja, wote wakubwa. Karata za kuondoa, zile za kumtoa ng'ombe wa mwenzako zizini, haikuwamo hata moja. Ndivyo alivyokuwa. Akiona kitu kikubwa anakipenda, na anaamini kitafika chenyewe.

Nikacheza na Mwita mara nne. Nikapigwa mara nne. Kila mara ni ng'ombe mmoja tu wa Mwita aliyenikalia njiani, na sina cha kumtolea.

"Ng'ombe wako wazuri," Mwita akasema. "Wanakufa wamependeza."

Shida ni kwamba sitini ni sitini. Ili niingize za kuondoa, lazima nitoe za Marwa. Nilikaa na ng'ombe wake nane mkononi muda mrefu. Kwenye kona walikuwa na udongo mwekundu wa vidole vyake.

Mwishowe nikafanya kama kazini. Jiwe hulitoi kwa sababu hulipendi. Unalitoa kwa sababu mashine haitapata kitu humo. Nikawafunga wale nane kwenye kitambaa, nikaweka pembeni.

Karata zake za ziada zilikuwa kwenye kopo humo sandukuni. Nikazitandaza zote za kuondoa.

Kuna aina niliiita baruti: inafuta mazizi yote mawili, lako na lake, na ni ghali kuitumia. Nikaweka moja.

Kuna ile inayomrudisha ng'ombe mkononi mwa mwenyewe. Nikaiacha. Huyo kesho anarudi ameshiba.

Kuna nyundo: ni rahisi, unamchagua ng'ombe mmoja, anakufa. Nikaweka tatu.

Halafu kuna nyingine nne ambazo nilizipenda mno. Hizo zinasema mwenzako achague mwenyewe ng'ombe mmoja amtoe zizini. Nikaona ni za adabu. Nikaziweka zote nne, nikampelekea Mwita nimwonyeshe.

Alizisoma, akacheka mpaka akakaa chini.

"Robi, wewe ni Mkurya kweli? Mwenye zizi akiambiwa achague wa kutoa, anatoa yupi?"

Kwetu mahari ni ng'ombe. Hakuna asiyewahi kuona wazee wakimrudisha ndama aliyekonda, aliyepitishwa katikati ya kundi kwa matumaini kwamba hataonekana.

"Atatoa mgonjwa," nikasema.

"Basi. Dume linabaki palepale, linakutazama."

Nikazitoa zote nne, nikaweka nyundo nne zaidi. Zikawa nyundo saba na baruti moja. Nilipokuwa nazirudisha zile nne koponi, nikaona moja imeandikwa kwa penseli, chini kabisa, herufi ndogo: Chacha. Mwandiko wa Marwa.

Nikajua hiyo ni mali ya watu. Nikaitenga nimrudishie mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada, meza ikawekwa uani nyumbani kwetu. Kabla hatujaanza nikampa ile karata. "Hii ina jina lako. Chukua."

Chacha akaitupia jicho. "Kadi ya kuomba ng'ombe? Mimi siombi, sister. Si yangu hiyo. Kaa nayo."

Sasa nikaona vibaya kuirudisha koponi, na ina mwandiko wa marehemu. Nikatoa nyundo moja, nikaichomeka hiyo mahali pake. Sitadai ilikuwa akili. Ilikuwa huzuni tu.

Mchezo ukaanza vizuri. Chacha akaleta kang'ombe kadogo, nikakagonga nyundo. Akaleta kengine, nikakagonga. Watu wakaanza kuniangalia kwa macho mengine. Ng'ombe mmoja wa Marwa akampiga mara mbili, Chacha akabaki na pointi nane.

Halafu akaleta dume.

"Soma hapo chini," akasema. "Polepole."

Nikasoma. Limeandikwa kwamba adui hawezi kulichagua kwa karata yoyote. Na mimi mkononi nina nyundo mbili, na nyundo zote zinasema "chagua". Zikawa makaratasi. Baruti yangu haikuja.

Dume likanila. Ng'ombe wangu waliojaribu kulizuia walikufa, akabaki mmoja tu niliyemficha nyuma. Kutoka ishirini nikafika kumi na nne, nane, mbili. Pigo moja zaidi na sanduku linavuka mpaka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani.

Nikavuta karata. Ni ile yenye jina la Chacha.

Nikaisoma mara mbili. Haisemi mimi nichague. Inasema mwenzangu achague. Nikatazama zizi lake. Vile vidogo nilikuwa nimeshavimaliza kwa nyundo.

"Chacha," nikasema, "chagua ng'ombe mmoja umtoe."

"Sawa, nachagua..." Akatazama zizi lake. Akalitazama tena.

Mwita akasema kwa nyuma, "Usiwe na haraka, bwana. Kundi ni kubwa."

Uani pote watu wakaangua kicheko. Chacha akalitoa dume lake taratibu, kisha akaichukua ile karata yangu, akaisogeza karibu na macho.

"Huu ni mwandiko wa Marwa."

"Ndiyo."

"Hakuandika kwamba ni yangu." Akaligusa lile jina kwa kidole. "Nimemchapa na hili dume kila alipokuja kwetu. Hii aliniwekea."

Hapo ndipo na mimi nikaelewa. Alikuwa ameandika jina la mtu wa kupigwa nayo, siyo la mwenye mali. Ila hakuwahi kurudi kwa Chacha aitumie.

Chacha akainua kidevu kuelekea kaburini, nyuma ya nyumba. "Jamaa analala pale na bado ananipiga." Akaanza kucheka, na mimi nikacheka. Msiba wote sikuwa nimelia mbele za watu. Siku hiyo nililia, ila nilianza kwa kucheka.

Hakuleta ng'ombe mwingine. Yule wangu wa mwisho alipiga mara mbili, pointi nane zikaisha.

Sanduku lilibaki. Chacha nilimpa wale ng'ombe nane wa kwenye kitambaa, maana si vizuri wakose zizi. Ile ya penseli aliiomba pia. Nikamkatalia.

Nilichojifunza ni hiki. Za kuondoa nane kwenye sitini zinanitosha mpaka leo. Nyingi ziwe za bei rahisi, na zisifanane zote, kwa sababu nyundo saba ni nyundo moja tu siku ukikutana na jiwe lisilogongeka. Ile karata ya "chagua mwenyewe" ni dhaifu zizi likijaa. Safisha vidogo kwanza, uone. Na unapopanga, mfikirie mtu utakayekaa naye mezani. Marwa alimfikiria.

Wazee waliondoa matanga Alhamisi. Yangu mimi yaliondoka Jumapili.

Sasa ninyi mnaojua hesabu, niambieni: ile nyundo niliyoitoa, nilikosea? Na kama una karata uliyomwekea mtu mmoja tu, tusimulie ni nani. Nitasoma zote, hata za kunicheka.