Walisema Kompyuta Ndiyo Iliyomwanika Kabula

Admin, nifichie jina. Kabla ya yote, nautangazia umma wa ukurasa huu, kwa heshima na taadhima, kwamba tangu juzi najua kutuma ujumbe wa sauti bila kumwita mwanangu. Mke wangu alitaka tuchinje kuku. Nimemwambia angoje kwanza, maana ule wa kwanza ulikuwa wa mchungaji, ukaenda kwa fundi bomba.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mkazi wa Shinyanga, kipara, kitambi cha wastani. Hamwezi kuamini kwamba mwishoni mwa miaka ya tisini mimi ndiye niliyekuwa mtu wa intaneti mtaani kwetu. Niliajiriwa kwenye duka la vifaa vya ofisi la Mhindi mmoja mpole, tukimwita Bhai. Tulikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na waya wa simu. Ikianza kutafuta mtandao inalia kama mbuzi aliyenasa kwenye seng'enge, na watu waliingia dukani kuisikiliza tu. Mtaa mzima ulitumia anwani moja ya barua pepe, ya duka. Ujumbe ukiingia nauchapa, naukunja mara mbili, naubana kwa pini, naandika jina juu, kisha nautundika kwenye ubao wa mlangoni umngoje mwenyewe. Kwa hiyo niliwasoma wote. Nilijua nani kafeli chuo na nani kamdanganya bosi wake kwamba kafiwa. Nilijiona kama padri, ila kitubio cha kwangu hakikuwa na siri wala baraka.

Barazani pa duka letu alikaa fundi cherehani, nimwite Kabula. Alikuwa mjane mwenye binti wa miaka miwili, Limi. Mumewe alikuwa mchimbaji huko Geita. Hakufukiwa na duara, lile shimo la dhahabu, kama wenzake. Alikonda mpaka akaisha. Wakati ule watu hawakuulizana maswali juu ya vifo vya namna hiyo, walitazamana tu. Mimi nilimpenda Kabula. Asubuhi moja nikajikakamua, nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Kabula. Mimi nawe tuoane."

Akacheka hadi akaachia pedali. "Wewe? Na miguu hiyo kama sindano zangu? Nikikuchanganya na vifaa vya kazi je?"

Wateja wakaangua kicheko. Baadaye aliniita pembeni akasema kwa upole, "Ngoja kwanza. Kuna jambo nalisubiri kutoka Dar, likija tutaongea." Lakini mimi masikio yalishajaa kile kicheko. Kuanzia siku ile vijana wa mtaani wakaniita Sindano.

Baada ya wiki mbili, siku ya mnada, watu walikuta karatasi ya Kabula imefunguka ubaoni, maneno yote nje. Ilitoka kwa kaka yake wa Dar: "Dada, majibu ya damu yametoka. Una virusi. Usimwambie mtu mpaka nije." Kabula hakuwepo, alikwenda Samuye kumjulia hali mama yake. Aliporudi jioni, mji ulikuwa umeshasoma.

Kesho yake wateja walifuatana kuchukua vitambaa vyao, hata ambavyo havijakatwa. "Kabula, naomba kile cha kwangu, nimepata safari." Mama mmoja alikuja na mfuko wa plastiki, akautanua, akamwambia, "Kitumbukize humu mwenyewe." Kabula akakitumbukiza, akasema, "Asante, mama." Mwezi haukuisha akabeba cherehani na mtoto, akahamia Masumbwe.

Bhai, aliyekuta karatasi imeshabanduliwa, aliuliza ni nani aliifungua. Nikasema, "Bhai, labda upepo. Au mashine imetoa nakala mbili." Mtaani ikawa hivyo: kompyuta imemwanika Kabula. Wazee wakasema hiki kidude kitatuvunjia nyumba. Mpaka leo kwenye vikao vya harusi watu wanalaumu mitandao, nami natikisa kichwa kuliko wote.

Roho ilinisuta. Nikawa napeleka nguo Masumbwe kushonwa, suruali baada ya suruali, nyingine sijaivaa hata mara moja. Dawa zilipokuja Kabula alikuwa bado hai, akaanza kunywa, akanenepa. Yupo. Mwezi uliopita akanipigia.

"Kaka, Limi anaolewa. Ndugu yangu wa Dar alishafariki, unajua. Kwenye send-off nataka wewe ukae kiti cha mjomba."

"Kabula, mimi si wa ukoo."

"Ukoo gani? Mji mzima ulikuja kuchukua vitambaa. Wewe peke yako ulileta."

Limi naye akachukua simu. "Shikamoo mjomba. Usikatae."

Nikaitikia marahaba. Nikakubali.

Sasa nawaambia ambacho hata mke wangu hajui. Hapakuwa na upepo. Mashine ilitoa nakala moja, safi. Niliisoma nimesimama, na kitu cha kwanza nilichohisi si huruma. Ilikuwa nafuu. Nilisema moyoni, kumbe hakunikataa kwa ajili ya miguu yangu. Nikataka na wale waliocheka wajue. Sikuikunja. Niliitundika wazi kwa pini nne, kila kona moja, nikaenda kunywa chai. Nilikuwa katikati ya andazi ndipo nikaelewa kwamba kwa lile "ngoja kwanza" alikuwa ananikinga mimi. Ningeweza kurudi kuitoa, hatua hazifiki hamsini. Nikamalizia chai.

Sherehe ni Jumamosi ijayo. Nikimwambia sasa, namharibia furaha na namnyang'anya rafiki aliyedhani anaye. Nikinyamaza, nitamwombea Limi baraka mbele za watu kwa mdomo huu huu. Tukaneni mnavyotaka, nastahili, ila mkimaliza mniambie: nifanyeje?