Machozi ya Commandant ku Kilio cha Yaya Mathe

Mutu mwenye aliua yaya Mathe, kaka yangu mukubwa, alikuja ku kilio, akalia mbele ya batu bote.

Machozi ya kweli. Niliyaona.

Batoto ba sasa munasema mambo ya vita tuache. Achaneni nayo ninyi. Mimi hapana.

Ilikuwa hapa Butembo, miaka ile bunduki ndio ilikuwa serikali. Yaya Mathe alikuwa anakausha vumbi ya makala, makaa ya kupikia, ile yenye mvua imelowesha ku dépôt, stoo yetu. Ikikauka tunaikandamiza kuwa matonge, inapikia bagonjwa ba hospitali.

Mutambo yake ilikuwa sanduku ya chuma, chini tôle, bati yenye matundu madogo. Moteur inapuliza upepo ya moto kutoka chini, vumbi inanyanyuka, inachemuka kama uji. Kazi ya jua ya siku nzima inaisha mbele ya chai kupoa.

Lakini upepo isikatike! Ikikatika, vumbi inalala juu ya tôle ya moto, inaungua ndani kwa ndani.

Siku moja basoda, askari ba Commandant mwenye alikuwa anatawala muji, banakuja, bananyonya mazout yote, mafuta ya moteur, banatia ku jeep yake.

Upepo ikakufa.

Kisha Commandant mwenyewe akafika na bidon ya mazout. Alikuwa na fête, sherehe yake, mbuzi zinangojea makala.

"Washa! Nataka mifuko yangu."

"Ni ya bagonjwa, Commandant. Na moto imelala mule ndani. Tungoje ipoe."

"Unaniogopesha na vumbi, we fundi?"

Basoda bakacheka. Mumoja akamuwekea yaya bunduki ku shingo.

Yaya akaniangalia. "Kavuo, toka inje."

Nikatoka. Akawasha.

Vumbi yote ikanyanyuka mara moja, na moto yake, ikalipuka.

Sitaeleza vile tulimukuta.

Ku kilio, Commandant akaleta mufuko ya makala, pole yake. Bamama bakawasha, akakaa karibu na jiko, mahali ya bakubwa. Machozi ikaanza kumutiririka. Radio ikatangaza: Commandant analilia raia yake!

Pasta akamushukuru. Bababa bakapiga mikono.

Mimi nikafungua ule mufuko.

Ilikuwa makala yetu, ya ku lundo ya yaya, yenye mvua ililowesha. Ile yenye haikukaushwa bado. Mbichi, moshi tupu.

Moshi ilikuwa inatutoa sisi bote machozi, na yeye pia.

Leo ameweka cravate ku shingo, tai ya bakubwa, anakuja kuomba voix, kura zetu, ku mitaa yetu, anapangusa macho.

Bandugu, mukubwa akilia mbele yenu, muangalie kwanza nani aliwasha jiko, na makala ilitoka wapi.